Bi Sikio Alipolala Kazini

Haya ninayoyaandika hamtayaamini, na sitawalaumu. Mtu kufukuzwa kwa kulala kazini, hilo ni la kila siku. Hata mjomba wenu limemkuta, mara mbili, na bosi yule yule. Lakini mtu kupewa kazi kwa sababu alilala kazini, tena akakoroma, na shahidi amekaa kando yake na kalamu mkononi, hilo mmelisikia wapi? Najua mnavyonifahamu. Mtasema, huyu naye na chuku zake. Safari hii chumvi nimeiacha jikoni. Shule niliishia darasa la sita, au tuseme mimi na darasa la sita tuliachana kwa wema, kwa hiyo nikiandika nasoma kwa sauti, neno kwa neno, nisije nikajidanganya mwenyewe.

Mwenye kisa ni dada yangu mkubwa, ambaye kisiwa kizima kinamwita Bi Sikio. Jina lake la kuzaliwa liko kwenye kitambulisho, na huko ndiko limebaki. Kwa miaka ishirini na saba alikuwa msimamizi wa mtambo wa umeme wa dizeli, katika banda la mabati nyuma ya soko, lenye sakafu iliyolowa oili mpaka ikasahau rangi yake. Ukiingia na ndala nyeupe unatoka na ndala zilizofiwa.

Mtambo wenyewe watu waliuita Mzee. Ulikuwa mkubwa kama sebule, na tumbo lake halikushiba. Dizeli yake ililetwa na meli ya mizigo, mapipa kwa mapipa, bahari ikiwa na adabu. Bahari ikikosa adabu, meli haikuja, na kisiwa kikakaa gizani siku nne, siku sita, nesi wa zahanati akizunguka na dawa zake za chanjo kwenye sanduku la barafu kama mama aliyebeba mtoto mgonjwa.

Bi Sikio alimjua Mzee kuliko alivyomjua mtu yeyote aliyezaliwa na mwanamke. Alikuwa na bisibisi ndefu yenye mpini wa mbao, iliyotundikwa kwenye msumari wake karibu na mlango. Ncha aliigusisha kwenye chuma, mpini akauweka sikioni, akafumba macho. Baada ya hapo angekwambia beringi ya tatu imeanza kunung'unika, au nozeli moja ya kupulizia dizeli ina mafua. Mafundi kutoka ng'ambo walikuja na vifaa vyao vya kupimia, wakapima nusu siku, wakapima tena, wakakuta ni beringi ile ile ya tatu. Na alikuwa na sheria moja, aliyoirudia kwa kila aliyeingia bandani: usimwamshe mtu kabla hujasikiliza anavyopumua. Hakuwahi kumwasha Mzee bila kumwekea kwanza bisibisi.

Nyumba ya msimamizi ilikuwa hatua arobaini kutoka bandani. Mlio ulipita ukutani, ukapita kitandani, ukaingia kwenye mifupa. Vikombe kabatini viligusanagusana mchana kutwa kama watu wanaosalimiana. Watoto wake wote walibembelezwa na Mzee. Yeye mwenyewe alilala usingizi wa pono maadamu Mzee ananguruma. Mzee akikata, jicho hilo. Kabla balbu haijamaliza kufa, Bi Sikio alikuwa ameshavuka uwanja, ndala mguu mmoja, khanga mkononi. Kwa watu wengine kimya ni mapumziko. Kwake kilikuwa mlango uliopigwa teke.

Mume wake ni fundi cherehani, shemeji yangu, mtu mrefu, mpole, anayeongea na pini mdomoni. Kwa sababu ya mlio ule, wale wawili walizoea kuongea kwa mikono. Kidole kimoja ni chai, viwili ni chai na mkate. Ngumi iliyofunguliwa polepole maana yake samahani. Sijui ngumi iliyofunguliwa haraka maana yake nini, na mjomba hakuuliza.

Basi siku zikaja, na mambo mapya yakaja nazo. Paneli za sola zikapangwa nyuma ya uwanja wa mpira, safu kwa safu, zimeinamisha nyuso upande mmoja kama wanafunzi wanaosikiliza. Juu ya kilima yakasimama mapanga matatu ya kuzalisha umeme kwa upepo, meupe, yanayozunguka taratibu kama mtu anayekumbuka kitu. Na kando ya banda likawekwa kontena jeupe, limejaa betri. Pamoja na hayo yote akaja msichana wa miwani, mwembamba, mwenye kompyuta isiyotoka kwapani, ambaye watu walimwita Binti Mhandisi.

"Mzee hatumuui, mama," alimwambia Bi Sikio. "Anastaafu nusu. Jua na upepo vikitosha, analala. Betri zikishuka chini ya theluthi, anaamka mwenyewe, anafanya kazi, akimaliza anazima mwenyewe."

"Mwenyewe," akasema Bi Sikio.

"Mwenyewe."

"Miaka yote hii hajawahi hata kujifuta pua mwenyewe."

Siku ya kwanza ilikuwa saa tano asubuhi, jua limekaa vizuri, upepo wa wastani. Binti Mhandisi aligusa kioo cha kompyuta kwa kidole kimoja, kama anayeonja mchuzi. Mzee akapunguza pumzi. Akakohoa mara mbili. Akanyamaza.

Taa hazikuzimika. Feni ya ukutani iliendelea kuzunguka kana kwamba hakuna lililotokea, na hilo ndilo lililotisha.

Kimya kilishuka polepole, kama shuka linalotandikwa. Kwanza kilifika sokoni, wauzaji wakajikuta wanapiga ukunga wa bei kwenye masikio ya watu waliosimama mbele yao. Kikafika shuleni, mwalimu mkuu akasikia sauti yake mwenyewe inarudi kutoka ukutani, akashtuka, akamaliza somo kwa kunong'ona. Mtu akasikia ndala zake. Mwingine akasikia maji yanavyobadilisha sauti ndoo ikikaribia kujaa, akaimwaga akajaza tena. Watoto waliozaliwa ndani ya mlio walitoka nje wakatazama juu, wakidhani kuna kitu kimeondolewa angani. Bahari, ambayo kila mtu aliamini iko mbali kidogo, ikasogea mpaka kizingitini.

Kinyozi wa sokoni alikuwa na desturi ya kumsengenya mama mkwe wake huku mwenyewe amekaa pale pale kiti cha pili, kwa kuamini kwamba bibi yule ni kiziwi. Siku ile aliendelea kama kawaida kwa dakika mbili hivi.

"Endelea, mwanangu," bibi akamwambia. "Leo ndiyo nakupata vizuri."

Bi Sikio alikuwa amesimama bandani na bisibisi mkononi, bila pa kuiweka. Masikio yake yalitoka nje, yakazunguka kisiwa, yakarudi bure.

"Umeona, mama?" Binti Mhandisi alikuwa anatabasamu. "Jua limebeba kisiwa kizima."

"Nimeona. Sasa mimi nibebe nini?"

Msichana akavua miwani, akaifuta, ingawa ilikuwa safi. Akamweleza. Kutakuwa na siku thelathini za majaribio. Kazi mpya ya msimamizi ni kuosha paneli, kukaza nati, kuangalia namba, na kutogusa. Ofisi ya ng'ambo inataka kujua kama msimamizi wa zamani anaweza kuuacha mtambo ujiendeshe. Kila Mzee akiwashwa kwa mkono bila sababu, kompyuta inaandika siku na saa. Mara tatu watavumilia. Ya nne, watamleta mtu wao, na ufunguo wa banda atapewa yeye. Na pamoja na ufunguo, nyumba.

"Kutogusa nayo ni kazi?" Bi Sikio akauliza.

"Ndiyo ngumu kuliko zote. Ukimwasha betri zikiwa zimejaa, jua lote linamwagika bure. Na yeye akizunguka bila mzigo anajaa masizi. Si mimi niliyepanga, mama. Ni ofisi."

"Najua, mwanangu. Ofisi haina sura, ndiyo maana inatuma wenye sura nzuri."

Usiku haukuwa na taabu kubwa. Mzee aliamka na kulala, akaamka na kulala, na kila alipokata Bi Sikio aliketi kitandani wima. Lakini mume wake alikuwa hapo, anamshika mkono na kumrudisha kwenye mto kama mtu anayerudisha droo. Ila kwa kukatwakatwa usingizi namna hiyo, mchana alikuwa hoi. Na mchana mume yuko kibarazani na wateja wake.

Siku ya nne, baada ya chakula, alijilaza kidogo tu. Akaota bahari imezimwa. Ilikuwa imetandaa pale pale, kijani kibichi, lakini haina sauti wala mwendo, na samaki wamesimama ndani yake kama nguo kwenye kamba. Yeye alikuwa anatembea chini ya maji akipapasa mawe, anatafuta swichi yake. Watu wote wa kisiwa walikuwa wamepanga mstari ufukweni, wamenyamaza, wanamsubiri yeye. Akaamka, akasikia kimya, na miguu ikaondoka kabla ya akili. Akavuka uwanja. Akageuza kishikio kutoka "yenyewe" kwenda "mkono." Akabonyeza kitufe cha kijani, kile kikubwa kama komamanga changa. Mzee akapaza sauti, mabati yakatetemeka, vikombe kule nyumbani vikasalimiana.

Hapo ndipo alipotazama juu akaona balbu juu ya kichwa chake inawaka. Ilikuwa inawaka muda wote. Alikuwa amewasha umeme juu ya umeme, kama mtu aliyebeba ndoo kwenda kuimwagilia bahari.

Siku ya tisa akafanya tena. Siku ya kumi na mbili akafanya tena.

"Sikio la kufa halisikii dawa," watu wakasema sokoni, wakajifunza kulisema kwa sauti ya chini, kwa kuwa siku hizi yote yalifika.

Msidhani alikuwa mkaidi. Alijaribu kuacha kulala mchana. Siku ya pili ya jaribio hilo alitia chumvi kwenye chai akainywa yote. Siku ya tatu alimpa shikamoo kinyozi, aliye mdogo kwake kwa miaka kumi na tano, na kinyozi kwa woga akaipokea. Kinyozi huyo huyo alimletea feni yake mbovu yenye kelele, aiwashe chumbani; Bi Sikio akaisikiliza kidogo, akairudisha, akasema inalia kama mtu anayejisingizia ugonjwa. Hata mjomba wenu alijitolea kukaa chini ya dirisha na kunguruma. Ninanguruma vizuri, wenye kujua walisifu. Baada ya robo saa nikapaliwa.

"Beringi ya tatu hiyo," sauti yake ikatoka ndani.

Aliyepata dawa ni yule asiyesema. Siku ya kumi na sita, saa saba mchana, shemeji yangu alibeba cherehani yake ya kukanyaga kutoka kibarazani, akaipitisha mlangoni kwa ubavu, akaiweka chumbani miguuni pa kitanda.

"Unafanya nini?" Bi Sikio akauliza.

"Nashona."

"Chumbani?"

"Mwanga mzuri huku."

Mwanga wa chumba kile hata mende waliulalamikia. Lakini alikaa, akavuta sare za shule zilizokuwa zinamsubiri, akakanyaga. Cherehani ikaanza, taka-taka-taka, polepole kwanza, halafu sawasawa. Haikuwa sauti ya Mzee. Ilikuwa kama sauti ya Mzee akiwa mtoto. Vikombe kabatini havikutikisika, ila kijiko kimoja ndani ya glasi kilijibu kidogo. Bi Sikio alitazama mgongo mrefu wa mume wake ulivyoinama, na mguu ulivyopanda na kushuka. Miaka yote alikuwa hajawahi kuusikia mguu huo ukifanya kazi. Akalala.

Tangu hapo ikawa ndiyo zamu ya shemeji. Tatizo lake ni moja: hakuruhusiwa kusimama. Uzi ukikatika, alikanyaga na sindano tupu. Wateja waliopitia dirishani waliongea kwa vidole, kidole kwenye kola, kidole kwenye kiuno, naye akitikisa kichwa bila kuinua mguu. Sare zikaisha. Akashona vitambaa vya vumbi. Vitambaa vikaisha, akachukua gunia la vipande na kuviunga kimoja kwa kingine, cha bluu na cha njano, cha suruali na cha pazia, ikatoka nguo ndefu isiyo na kazi, inayoteremka kutoka mezani na kujikunja sakafuni kama mto wa rangi. Siku kumi na mbili alishona usingizi wa mke wake, futi kwa futi.

Siku ya ishirini na nane Binti Mhandisi, ambaye alikuwa amekwenda ng'ambo, alirudi kukagua. Kulikuwa na mawingu mazito toka asubuhi, na mapanga kilimani yalisimama kama watu waliosahau walichotaka kusema. Alipita bandani, akamkuta Bi Sikio anafuta kontena la betri kwa kitambaa, akaketi naye kidogo.

"Siku mbili tu, mama. Mara tatu umeshazimaliza."

"Nimezihesabu."

"Leo mawingu. Mzee ataamka mwenyewe mchana. Ukimsikia anawaka, usiende. Ukimsikia anazima, usiende. Mimi nitakuwa kule kwenye paneli."

"Na nisipomsikia?"

Msichana akacheka, akidhani ni utani.

Saa saba akajilaza. Cherehani ikaanza. Mawingu yalikuwa yamefunika dirisha, chumba kizima kikawa na rangi ya majivu ya joto, na sauti ya mguu ule ikampeleka taratibu mahali ambapo hapana banda wala ofisi. Akaota anatembea juu ya ile nguo ya vipande, inapita juu ya maji, kavu, ndefu, na kila akivuka pindo moja pindo jingine linashonwa mbele yake.

Halafu nguo ikaisha.

Shemeji yangu alikuwa amelala. Paji la uso liko juu ya meza ya cherehani, mguu uko kwenye kikanyagio, pini mbili bado mdomoni. Mtu ambaye kwa majuma mawili hakupumzika mchana, na usiku alirudisha droo kila saa moja, alikuwa na haki yake. Lakini Bi Sikio hakumwona. Alisikia kimya tu, na miguu ikaondoka.

Kwenye paneli, Binti Mhandisi aliinua kichwa akamwona mama mtu mzima anavuka uwanja mbio, ndala mguu mmoja. Alifungua kinywa kumwita. Kisha akakifunga. Baadaye aliniambia kwamba kama angemwita, aliyemzuia angekuwa yeye msichana, na ofisi haikuuliza kama Binti Mhandisi anaweza kumzuia mtu.

Ndani ya banda, mkono wa Bi Sikio ulikuwa tayari kwenye kishikio, vidole vimekaza. Mara zile tatu aliingia kwa pupa akaenda moja kwa moja kwenye kitufe. Leo, kwa sababu ya mguu usio na ndala, alikanyaga oili, akateleza, akajishika ukutani, na bega likaigusa bisibisi kwenye msumari wake. Ikalia kidogo, ting. Ilikuwa inacheza pale, imepata vumbi kwenye mpini.

Akaitazama. Usimwamshe mtu kabla hujasikiliza anavyopumua. Mara tatu alikuwa ameivunja sheria yake mwenyewe, na hakuna kompyuta iliyoandika hilo.

Akaachia kishikio. Akaichukua, akaifuta vumbi kwa khanga, akaweka ncha kwenye ubavu wa Mzee, mpini sikioni. Baridi. Hakuna kitu, kama kusikiliza ukuta wa nyumba ya watu waliosafiri. Akasogeza kwenye beringi ya tatu. Hakuna. Na kwa kuwa sikio lilikuwa limeshawekwa kazini, akaendelea nalo. Akafuata bomba la nyaya kwenye ukuta, akafika kwenye kabati jipya la chuma lililokuja na betri, lile lisilo na moshi wala oili, ambalo tangu lifike alikuwa analipangusa bila kulisalimia. Akagusisha ncha kwenye mlango wake uliofungwa. Akafumba macho.

Kulikuwa na mtu ndani.

Ilikuwa sauti moja, nyembamba, ndefu, isiyopanda wala kushuka. Mmmm. Kama mama anayemwimbia mtoto aliyekwisha lala, anayeogopa kuacha. Bi Sikio aliijua. Alisimama akiitafuta alikoijua, na ikamjia taratibu: ilikuwa chini ya mlio wa Mzee siku zote. Miaka ishirini na saba alikuwa anasikia kelele za tumbo na kifua cha yule babu, kikohozi na mafua yake, akadhani huo ndio umeme. Umeme wenyewe ulikuwa huu, unaimba chini chini, na hakuna aliyepata nafasi ya kuusikia.

Akatoka nje kwa upande wa pili. Akaweka bisibisi kwenye ukuta wa kontena la betri. Hapo sauti ilikuwa nzito zaidi, na feni ndogo ndani yake ikizunguka, hhhh, hhhh, ndiyo pumzi. Akasogea pale iliposikika vizuri. Akachutama. Akakaa kwenye zege. Saruji ilikuwa na uvuguvugu wa mchana usio na jua, na kontena lilimpokea mgongo. Juu ya kilima mapanga bado yalikuwa yamesimama. Aliwaza kwamba anapaswa kurudi akamtazame mume wake. Aliwaza hilo mara ya pili, kwa mbali. Ilikuwa saa nane kasorobo.

Saa nane na nusu betri zikafika theluthi. Hatua sita kutoka kwenye kichwa cha Bi Sikio, Mzee akaamka mwenyewe, akatikisa mabati, akanguruma kwa nguvu zake zote. Binti Mhandisi akaja mbio, akamkuta mama ameketi, bisibisi sikioni, mdomo wazi kidogo, amelala. Akavuta debe tupu la rangi, akakaa kando yake, akatoa karatasi zake. Saa moja nzima Mzee alifanya kazi. Kisha upepo ukajitokeza, mapanga yakakumbuka, mawingu yakafunguka upande wa bahari, na Mzee akapunguza pumzi, akakohoa mara mbili, akanyamaza.

Binti Mhandisi aliinua kalamu, akasubiri. Alimtazama Bi Sikio miguu, maana aliambiwa miguu ndiyo inayotangulia. Kidole gumba kimoja kilisogea. Kikatulia. Halafu, katika kile kimya, ukatoka mkoromo mmoja mrefu, wenye kuridhika.

Saa kumi alifumbua macho. Mbele yake alikuwa msichana na kalamu, na mume wake amechutama, ana alama ya cherehani kwenye paji la uso na ile ndala nyingine mkononi.

"Mzee aliwaka?" Bi Sikio akauliza.

"Aliwaka."

"Sasa mbona kimya?"

"Alizima, mama."

"Nani alimzima?"

"Mwenyewe."

Bi Sikio akalipima hilo. "Na mimi nilikuwa wapi?"

"Ulikuwa hapa. Unakoroma."

"Andika nilikuwa nimefumba macho."

"Siwezi, mama. Hapa kuna swali la nane." Msichana akamsomea, polepole: je, msimamizi anaweza kuuacha mtambo uwake na uzime bila kuuingilia? Kisha akamsomea jibu alilokwisha kuliandika: anaweza, nimeshuhudia, alikuwa amelala fofofo, na sikuona haja ya kumwamsha.

Shemeji yangu alikunja ngumi, akaifungua polepole. Bi Sikio akaishika katikati ya kufunguka, akaifunga tena, akavaa ndala yake.

Ofisi ya ng'ambo ilileta barua: kazi ni yake. Inasemekana walipolisoma jibu lile walicheka kwanza, wakaipitisha karatasi meza kwa meza, halafu wakaipiga mhuri. Ufunguo wa banda unaning'inia pale pale ulipoanza, na nyumba ni ile ile. Ile nguo ndefu ya vipande wamemfunika nayo Mzee, asipate vumbi akiwa mapumzikoni, anaonekana kama bwana harusi aliyechelewa. Kila asubuhi Bi Sikio anaosha paneli, anapitisha bisibisi yake kwenye kabati na kontena, anasikiliza wimbo kama uko sawa. Cherehani imerudi kibarazani. Na saa saba mchana dada yangu anajilaza kwenye kimya, dirisha wazi, bahari kizingitini, anaondoka.

Lakini usingizi ule wa siku ya ishirini na nane, wapwa zangu, ule haukuwa wa kawaida. Hapo juu nimeandika saa kumi kwa heshima ya barua ya ofisi. Ukweli ni kwamba alilala mchana ule na usiku wake, na kesho yake akaendelea, jua likajaza betri na betri zikajaza jua, Mzee akaamka mara saba kumtazama kama yuko hai, nesi akaletwa na kioo cha kumwekea puani, na buibui mmoja, mkubwa, akatanda utando wake kutoka kwenye mpini wa bisibisi mpaka—

"Masaa mawili na robo," sauti ikatoka upande wa pili wa ukuta, haikupazwa hata kidogo. "Na wewe hukuwepo. Ulikuwa kwa kinyozi."

Nikamwambia, dada, mimi nasoma tu kilichoandikwa. Nesi naweza kumtoa. Lakini buibui alikuwepo, nilimwona kesho yake kwa macho yangu haya, amekaa katikati ya utando, ukubwa wake kama—

"Kama nini?"